Mama Wa Waumini Ummu Salama (R.A.): Aliyeonja Uchungu Wa Kutenganishwa Akawa Mpatanishi Wa Watu

Himdi zote anastahiki Allah Mtukufu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake, Swahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu zetu Waislamu, maswali mengi yanayotufikia kutoka kwa familia za visiwani kwetu yanahusu ugomvi wa ndani ya nyumba. Mke amerudi kwao na watoto, na mume hajui lini atawaona. Bibi mzaa baba amemchukua mjukuu na hataki kumrejesha kwa mama yake. Ndugu wawili wa tumbo moja hawasemezani kwa sababu ya mikarafuu aliyoiacha mzee wao. Kila anayeuliza anataka kujua nani mwenye haki, na hukumu ya sharia katika mambo haya ipo, alhamdulillahi, na inatolewa. Lakini mara nyingi, tunapolisoma swali mpaka mwisho, tunaona kuwa muulizaji ana uchungu ambao hakuna aliyekaa naye akausikiliza. Hukumu inatoka, kila mtu anarudi kwake na karatasi yake, na ugomvi unabaki pale pale.

Kwa ajili hiyo tumeona leo tuelezee maisha ya mama yetu, Mama wa Waumini Ummu Salama (r.a.). Wengi wetu tunamjua kwa jina na kwa Hadithi alizozipokea. Wachache tunakumbuka kuwa yeye mwenyewe alipitia ugomvi wa familia mbili mpaka mtoto wake akaumizwa mbele ya macho yake, na kwamba mwanamke huyo huyo baadaye akawa mtu ambaye nasaha yake iliuokoa Umma siku ya Hudaybiyya.

NASABA NA MALEZI YAKE

Jina lake ni Hind bint Abi Umayya, wa ukoo wa Banu Makhzum katika Quraysh. Baba yake alikuwa miongoni mwa wakarimu mashuhuri wa Makka. Alipokuwa akisafiri na watu hakukubali mtu achukue chakula chake. Yeye ndiye aliyewatosheleza wote aliofuatana nao, mpaka Waarabu wakampa jina la akiba ya wasafiri. Ummu Salama alikulia katika nyumba hiyo, nyumba ya watu wenye cheo na mkono mkunjufu.

Aliolewa na Abdullah bin Abdil-Asad, aliyejulikana kwa jina la Abu Salama, ambaye naye ni wa Banu Makhzum. Mama yake Abu Salama ni Barra bint Abdil-Muttalib, shangazi yake Mtume (s.a.w.). Vile vile Abu Salama na Mtume (s.a.w.) walikuwa ndugu wa kunyonya. Mume na mke hawa walisilimu mwanzo kabisa, wakati Waislamu wakihesabika, na walipendana mapenzi ambayo yeye Ummu Salama hakuyasahau umri wake wote.

MFALME ALIYESIKILIZA KABLA YA KUHUKUMU

Mateso yalipozidi Makka, wawili hawa walihamia Uhabeshi pamoja na Waislamu wengine. Habari za huko tunazijua zaidi kupitia kwake yeye, kwani ndiye aliyeisimulia kwa urefu hadithi ya Najashi.

Quraysh walituma wajumbe wawili na zawadi nyingi. Wakawapa kwanza wakubwa wa dini waliokuwa karibu na mfalme, kila mmoja zawadi yake, ili wamshauri awatoe Waislamu bila ya kuzungumza nao. Na kweli walimshauri hivyo. Najashi alikasirika na akakataa. Aliona kuwa watu waliokuja kutafuta hifadhi kwake hawezi kuwatoa kabla hajawaita na kusikia kutoka kwao wenyewe. Basi akawaita, akamsikiliza Ja'far bin Abi Talib (r.a.), na alipokwisha kusikia akawarejeshea wajumbe zawadi zao.

Ummu Salama alikuwa bado kijana, yuko ugenini, na maisha yake yeye na mumewe yalitegemea kama mfalme yule atawasikiliza au atamaliza shauri kwa maneno ya upande mmoja. Aliiweka habari hii moyoni na akaisimulia mpaka uzeeni. Sisi huku ni mara ngapi tunapokea simu ya shemeji au ujumbe wa wifi, na kabla jua halijatua tumeshamhukumu mtu ambaye hatujamuuliza hata neno moja?

MKONO WA MTOTO SALAMA

Baadaye walirudi Makka, na mateso yakarudi. Abu Salama akaazimia kuhamia Madina. Alimpandisha mkewe juu ya ngamia, akamwekea mtoto wao Salama mapajani, akashika hatamu wakatoka.

Hawakufika mbali. Watu wa Banu al-Mughira, jamaa zake Ummu Salama, waliwaona wakamzuia Abu Salama njia. Walimwambia kuwa yeye nafsi yake wameshindwa naye, lakini binti yao hawatamwacha azungushwe nchi za watu. Wakamnyang'anya hatamu na wakamchukua mke. Waliposikia hayo, Banu Abdil-Asad, jamaa zake Abu Salama, nao walipandwa na hasira. Wakasema kuwa kama jamaa za mke wamemchukua mtu wao, basi na wao hawamwachi mtoto wao. Wakamshika Salama upande mmoja, na wenzao wakamshika upande mwingine. Wakavutana, huku na huku, mpaka mkono wa mtoto ukateguka. Mwisho jamaa za baba wakaondoka naye.

Kwa saa moja tu nyumba ile ikawa vipande vitatu. Baba alikwenda Madina peke yake, mama akazuiliwa kwa jamaa zake, na mtoto akawa kwa jamaa za baba, mkono wake umeteguka.

Tuizingatie picha hii, kwani haiko mbali na sisi. Wale waliomvuta Salama hawakuwa maadui wa mtoto. Kila upande ulidai kuwa unampenda na ni wao. Walichokuwa wakigombania ni heshima ya ukoo, na mkono wa mtoto ndio uliolipa. Leo hatuwavuti watoto kwa mikono, lakini wapo wanaofundishwa kumchukia baba yao kabla hawajajua kuandika majina yao. Wapo wanaofichwa siku ya Idi ili mama asiwaone. Wapo wanaoletwa mbele ya watu wazima wakaambiwa wachague. Sharia imempa kila mzazi haki na wajibu wake, malezi yana utaratibu wake na matumizi ya mtoto ni juu ya baba hata baada ya talaka. Wala hakuna hukumu yoyote inayompa mtu ruhusa ya kumfanya mtoto kuwa silaha.

MTU MMOJA ALIYEMTAZAMA

Ummu Salama alikaa katika hali ile karibu mwaka mzima. Kila asubuhi alitoka kwenda Abtah, nje ya makazi ya Makka, akakaa hapo analia mpaka jioni. Watu walimpita kila siku. Bila shaka wengi walimuona.

Siku moja alipita mtu miongoni mwa binamu zake wa Banu al-Mughira. Alimtazama, akaona alivyo, na moyo wake ukaingia huruma. Akaenda kwa jamaa zake akawaambia wamwache maskini yule, kwani wamemtenganisha na mumewe na mwanawe. Basi wakamruhusu amfuate mumewe. Banu Abdil-Asad nao walipoona wenzao wamelegeza, wakamrejeshea mtoto wake.

Ugomvi wa mwaka mzima ulimalizwa na mtu mmoja ambaye hata jina lake haikulihifadhi riwaya hii. Hakuleta hoja mpya ya nani mwenye haki. Aliwaonyesha watu wake uchungu wa mtu, na upande mmoja ulipolegeza, wa pili ukalegeza pia. Katika kila familia yetu iliyogombana yupo mtu anayeweza kufanya kazi hii, awe mjomba, shangazi au mzee wa mtaa. Mara nyingi anajizuia kwa kuona hayamhusu.

UTHMAN BIN TALHA NJIANI

Ummu Salama alipanda ngamia wake, akamweka mwanawe mapajani, akatoka peke yake kuelekea Madina, safari ya zaidi ya kilomita 400. Alipofika Tan'im alikutana na Uthman bin Talha, ambaye wakati huo alikuwa bado hajasilimu. Alimuuliza anakwenda wapi na kama ana mtu wa kufuatana naye. Alipojua kuwa hana ila Allah na mtoto wake, aliona si haki kumwacha. Akashika hatamu ya ngamia akaenda naye kwa miguu.

Alivyomsindikiza ndivyo alivyobaki kumsifu siku zote. Wakifika pahala pa kupumzika, humlaza ngamia kisha akajitenga mbali mpaka yeye ateremke. Kisha huja akamchukua ngamia, akamfunga, akaenda kulala chini ya mti kando. Wakati wa kuondoka humtayarisha ngamia, akamsogeza, akajitenga tena mpaka yeye apande. Alifanya hivyo mpaka alipokiona kijiji cha Quba, akamuonyesha alipo mumewe, akarudi zake Makka.

Yule hakuwa wa dini yake siku ile, na jamaa za dini ya kwao wengi walikuwa wakiwatesa Waislamu. Pamoja na hayo Ummu Salama hakuficha wema wake kwa sababu ya ugomvi uliokuwepo baina ya makundi mawili. Baadaye Allah alimuongoza Uthman bin Talha katika Uislamu kabla ya kufunguliwa Makka. Hapa kuna funzo kwetu tunapogombana: ugomvi usitufanye tukafuta wema wote wa upande wa pili. Mkwe uliyekosana naye leo huenda ndiye aliyekaa nawe hospitali usiku kucha mwaka jana.

MSIBA WA ABU SALAMA

Madina familia ile ikaungana tena, lakini haikudumu. Abu Salama alijeruhiwa katika vita vya Uhud mwaka wa 3 Hijria. Kidonda kikaonekana kimepona, kisha kikafumuka baada ya safari nyingine ya jihadi, na akafariki mwaka wa 4. Mtume (s.a.w.) aliingia kwake akamfumba macho, akamuombea maghfira na akamuombea Allah awaangalie aliowaacha.

Ummu Salama alibaki na watoto wanne: Salama, Umar, Durra na Zaynab. Alikuwa amefundishwa dua ya mwenye kufikwa na msiba, ambayo mja humuomba Mola wake amlipe katika msiba wake na ampe badala iliyo bora. Aliisoma dua ile kwa kumtii Mtume (s.a.w.), lakini hakuficha kuwa ndani ya nafsi yake alijiuliza ni nani atakayekuwa bora kuliko Abu Salama. Subira yake haikuwa ya mtu asiyehisi. Tunalisema hili kwa sababu tunawasikia watu katika misiba wakimkemea mfiwa kwa kulia, na kumuona anayehuzunika kuwa ana upungufu wa imani. Kilichokatazwa ni kuomboleza kwa kupiga makelele na kujipiga, ama machozi ya macho na huzuni ya moyo havikukatazwa.

POSA NA MAMBO MATATU

Eda yake ilipokwisha alikuja kuposwa na watu wa daraja ya juu katika Swahaba, na hakukubali. Kisha Mtume (s.a.w.) akampelekea posa. Badala ya kukubali kwa haraka kwa heshima ya aliyeposa, alimueleza kwa adabu mambo matatu yaliyokuwa yakimtia wasiwasi: kwamba yeye ni mwanamke mwenye wivu mwingi na anaogopa usije ukaleta jambo la kuchukiza, kwamba umri wake umeshasogea, na kwamba ana watoto wadogo.

Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa kuyasema na wala hakuyadharau. Alimjibu moja baada ya moja. Kuhusu wivu, atamuombea kwa Allah amuondolee. Kuhusu umri, na yeye pia umri wake umesogea kama wake. Kuhusu watoto, hao watakuwa katika dhamana ya Allah na Mtume wake. Hapo moyo wake ukatulia, na ndoa ikafungwa katika mwezi wa Shawwal mwaka wa 4 Hijria.

Ndugu zetu, ndoa ngapi kwetu zimevunjika kwa jambo ambalo lilijulikana siku ya posa na likanyamaziwa? Mwanamke ana mtoto wa ndoa ya kwanza na kila mtu anaogopa kuuliza ataishi wapi. Mwanamume ana mama mgonjwa anayemtegemea na hasemi. Wasiwasi unaosemwa mapema kwa adabu hupata jawabu. Ukifichwa hutoka siku ya ugomvi, na siku hiyo hutoka kwa ukali.

KATIKA NYUMBA YA MTUME (S.A.W.)

Watoto wa Abu Salama walikua katika malezi ya Mtume (s.a.w.). Umar bin Abi Salama alisimulia kuwa alipokuwa mtoto mkono wake ulikuwa ukizunguka zunguka ndani ya sahani wakati wa kula. Mtume (s.a.w.) alimuita kwa upole, akamfundisha kupiga bismillahi, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yake. Umar hakuacha kula namna hiyo tangu siku ile. Ahadi iliyotolewa siku ya posa kuhusu watoto ilitimizwa hata penye sahani ya chakula.

Na wivu nao ni katika maumbile ya watu. Katika Hadithi iliyo mashuhuri, mmoja wa wake wa Mtume (s.a.w.) alipeleka chakula katika nyumba ya mwenzake, na mwenye zamu akakipiga chombo kikavunjika. Katika baadhi ya mapokezi, chombo kilikuwa cha Ummu Salama. Wageni walikuwepo wanaona. Mtume (s.a.w.) alivikusanya vipande, akakiokota chakula, na akawaeleza waliokuwepo kuwa mama yao ameshikwa na wivu. Kisha akachukua chombo kizima kutoka nyumba ile akakipeleka kwa aliyevunjiwa. Aliyekosewa alipata haki yake, na aliyekosea hakuvunjiwa heshima mbele ya wageni. Mambo haya mawili yanaweza kufanywa pamoja, na sisi tunapenda kudhani kuwa hayawezekani.

SIKU YA HUDAYBIYYA

Mwezi wa Dhul-Qa'da mwaka wa 6 Hijria, Mtume (s.a.w.) alitoka na Swahaba zake wapatao 1,400 kwenda Makka kufanya Umra. Walitoka na ihramu zao na wanyama wa kuchinja, hawakutoka kwa vita. Quraysh wakawazuia, na baada ya mazungumzo ikaandikwa suluhu hapo Hudaybiyya. Masharti yalikuwa mazito: warudi mwaka ule bila ya kuingia Makka, na kila atakayewakimbilia kutoka kwa Quraysh wamrejeshe. Wino haujakauka, akafika Abu Jandal (r.a.) anajikokota na minyororo yake, akawaomba wamuokoe, na akarejeshwa. Swahaba waliyaona hayo kwa macho yao, na huzuni iliyowaingia haikuwa na mfano.

Ilipokwisha kuandikwa suluhu, Mtume (s.a.w.) aliwaamuru wainuke wachinje wanyama wao na wanyoe. Hakuinuka mtu. Akarudia mara ya pili, na ya tatu, na hakuinuka hata mmoja. Watu hawa ndio waliompa ahadi ya kufa naye siku chache kabla, chini ya mti.

Mtume (s.a.w.) aliingia hemani kwa Ummu Salama, akamueleza yaliyomfika kwa watu. Hapa tusimame kidogo. Angeweza Ummu Salama kuwasha moto. Angeweza kuwalaumu Swahaba, na angeonekana anamtetea mume wake. Hakufanya hivyo. Alikuwa akiyaona maumivu ya pande mbili: ya Mtume (s.a.w.) ambaye amri yake imechelewa kufuatwa, na ya watu waliokuja na tamaa ya kuiona Al-Kaaba kisha wakafungiwa njia. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Makka, aliyewahi kuzuiwa njia na kukaa mwaka mzima anatazama upande ambao hakuruhusiwa kwenda. Alijua kuwa aliyeshikwa na huzuni kubwa huyasikia maneno na viungo vikakataa kuinuka.

Basi alimshauri kuwa, kama anapenda watu wafanye, atoke nje asimsemeshe yeyote hata neno moja, mpaka achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake amnyoe. Mtume (s.a.w.) akaipokea nasaha yake. Akatoka, hakumsemesha mtu, akachinja na akanyolewa. Walipomuona, wote wakainuka wakachinja, wakawa wananyoana wenyewe kwa wenyewe, mpaka wakakaribia kuumizana kwa ile huzuni na haraka waliyokuwa nayo. Wanavyuoni wamelieleza kuwa Swahaba walikuwa wakitumai huenda ukashuka wahyi wa kubadilisha jambo lile. Walipomuona Mtume (s.a.w.) mwenyewe ametoka katika ihramu, walijua kuwa limekwisha, na nyoyo zao zikakubali.

Tazama nasaha ile ilivyokuwa. Ilikuwa fupi na ilitolewa faragha. Ilitolewa baada ya kuombwa kusikiliza, na haikumtia aibu mtu yeyote. Na ndani yake mlikuwa na ujuzi kuwa iko saa ambayo maneno zaidi hayasaidii. Katika nyumba zetu mume akisema mara tatu asisikilizwe, mara ya nne hupiga kelele, na mke naye hujibu kwa kelele. Kuna nyakati ambazo kilichobaki ni mtu kuinuka akatenda lile lililo jema, akaacha wenzake wamuone.

ALIPENDA KUWA WA KWANZA KULETA HABARI NJEMA

Abu Lubaba (r.a.) alipokosea katika jambo la Banu Quraydha, alijifunga katika nguzo ya msikiti akaapa hatajifungua mpaka Allah amkubalie toba. Toba yake iliteremka wakati wa alfajiri Mtume (s.a.w.) akiwa nyumbani kwa Ummu Salama. Alimsikia anacheka, akauliza sababu, na alipoambiwa aliomba ruhusa ampe Abu Lubaba bishara. Akasimama mlangoni mwa chumba chake akamtangazia.

Mwaka wa 9, Ka'b bin Malik (r.a.) na wenzake wawili walipobaki nyuma katika safari ya Tabuk, Waislamu waliamriwa wasiwasemeshe, na hali hiyo ilidumu siku 50. Ka'b alisimulia baadaye kuwa Ummu Salama alikuwa akimfikiria kwa wema na akijishughulisha na jambo lake. Toba yao nayo iliteremka usiku wakati wa zamu yake, na mara hiyo hiyo alitaka kumpelekea Ka'b habari. Mtume (s.a.w.) alimzuia mpaka baada ya Swala ya Alfajiri, kwani watu wangejazana wakawanyima usingizi.

Ummu Salama alitii amri kama Waislamu wote, wala hakudai kuwa Ka'b hakukosea. Lakini moyoni mwake alikuwa akingojea siku ya kusamehewa kwake. Kuna tofauti kubwa baina ya mtu anayemwadhibu mwenzake huku anasubiri arudi, na anayetumai kuwa hatarudi kamwe.

Mwaka wa 8 pia, Mtume (s.a.w.) alipokuwa njiani kwenda kuifungua Makka, walimjia Abu Sufyan bin al-Harith, mtoto wa ami yake, na Abdullah bin Abi Umayya, mtoto wa shangazi yake na ndugu wa baba mmoja na Ummu Salama. Wote wawili walikuwa wamemuudhi sana Makka. Hakutaka kuwaona. Ummu Salama akawaombea, akamkumbusha udugu wao. Mwanzo alikataa, akataja waliyomfanyia. Habari ilipowafikia, Abu Sufyan aliapa kuwa atamshika mkono mtoto wake wazunguke jangwani mpaka wafe kwa kiu na njaa. Mtume (s.a.w.) alipoyasikia hayo akawahurumia, akawaruhusu, nao wakasilimu. Abu Sufyan huyu alisimama imara karibu na Mtume (s.a.w.) siku ya Hunayn, na Abdullah alikufa shahidi Taif.

ALIULIZA NA ALIJIHESABU

Tusidhani kuwa upole wake ulikuwa unyonge. Alimuuliza Mtume (s.a.w.) mbona wanawake hawatajwi katika Qur-aan kama wanavyotajwa wanaume, na zikateremka Aya zinazowataja Waislamu wanaume na wanawake pamoja na malipo yao. Na siku moja akisukwa nywele, alimsikia Mtume (s.a.w.) juu ya minbari anawaita watu. Akamwambia kijakazi aliyekuwa akimsuka amwachie. Kijakazi akaona kuwa walioitwa ni wanaume. Yeye akamjibu kuwa na yeye ni katika watu, akaenda kusikiliza.

Tunalitaja hili ili nasaha yetu isifahamike vibaya. Kuelewa uchungu wa mwenzako hakuna maana ya kunyamazia dhulma. Mwanamke anayepigwa, au mtu anayenyimwa urithi wake, ana haki ya kusema, kuomba msaada wa jamaa na kufika kwa Kadhi. Kumwambia avumilie tu ni kumdhulumu mara ya pili.

Ummu Salama (r.a.) aliishi miaka mingi baada ya Mtume (s.a.w.), watu wakimjia kuuliza dini yao, na zimepokewa kutoka kwake Hadithi 378. Ndiye wa mwisho kufariki katika Mama wa Waumini, baada ya kupindukia miaka 80 ya umri wake, na akazikwa Baqi', Madina.

NENO LETU KWA FAMILIA ZETU

Aliyetenganishwa na mwanawe kwa ugomvi wa watu wazima angeweza kuishi maisha yake yote na kinyongo. Ummu Salama alichukua uchungu ule ukamfundisha kuutambua uchungu wa wengine, na ndio maana maneno yake machache yalifika penye nyoyo.

Basi tunawanasihi ndugu zetu. Mwenye kumzuia mtoto wa watu, amrejeshe awaone wazazi wake wote wawili. Mwenye kisa na mwenzake, kabla ya kutuandikia kuuliza nani mwenye haki, amwendee kwanza amuulize limemuuma nini, na amwache amalize kusema. Na anayepita kila siku pahala ambapo jamaa yake analia, asipite tena kesho bila ya kusimama.

Tunamuomba Allah Mtukufu azisuluhishe nyumba zetu, aunganishe nyoyo zilizofarakana, awahifadhi watoto wetu na amridhie mama yetu Ummu Salama. Amin.

Wallahu a'lam.